Lima Zulu Tango Hajajibu

Mimi na ile redio hatukuwa tukisalimiana. Iliingia nyumbani kwangu mwaka wa ishirini wa ndoa, mume wangu akiwa ameikumbatia kifuani kama mtoto aliyetoka kuzaliwa, na papo hapo nikajua nimeletewa mke mwenza. Mke mwenza wa chuma, mwenye vitufe, asiyepika wala kufua, lakini kila Jumamosi saa nne asubuhi mume ni wake.

Mume wangu alikuwa fundi wa friji. Wiki nzima alikuwa wa watu, na Jumamosi, siku ambayo ningemtegemea walau anining'inizie pazia, aliingia chumba cha nyuma, ambacho kwa haki kilikuwa chumba changu cha kushonea, akavaa hedifoni, akaanza kuongea na watu nisiowajua. Klabu ya redio ya ridhaa, ndivyo walivyojiita. Watu wazima kumi na tisa, wenye kazi zao na familia zao, waliosoma, wakafanya mtihani wa serikali, wakapewa leseni, ili wapate ruhusa ya kuulizana hewani kama mvua imenyesha. Nilimwambia habari ya mvua naweza kumpa mimi kwa kuchungulia dirishani. Alicheka mpaka akavua miwani.

"Njoo klabuni ujifunze," aliniambia, tena si mara moja. "Darasa ni bure. Siku nikiwa mbali nikuite, uitike."

"Niite kwa simu kama watu wengine," nilimjibu, huku natia uzi kwenye sindano.

Aliniomba hivyo kwa miaka kumi na moja. Nahesabu sasa. Wakati ule sikuhesabu.

Kila mwenye leseni hupewa jina la hewani, namba na herufi ambazo duniani kote hana mtu mwingine. La mume wangu lilikuwa refu, lakini klabuni walitumia mkia wake tu, herufi tatu za mwisho, na kila herufi wana neno lake ili isipotee kwenye mikwaruzo: Lima Zulu Tango. Nilimtania kwamba serikali imemwambia Lima na tangu nimjue hajashika jembe. Yeye alilipenda kuliko jina alilopewa na wazazi wake. Aliliandika kwa rangi nyeupe kwenye sanduku la zana, wateja wakadhani ni kampuni.

Jumamosi saa nne kulikuwa na mwito. Aliyeuongoza ni Mzee Subiri, fundi mstaafu wa mitambo ya simu, na jina hilo alipachikwa kwa sababu hakuna jambo aliloanza bila kusema "subiri." Ana ubao mdogo wenye karatasi iliyopigwa chapa, majina yote kumi na tisa, anayasoma moja moja. Akikuita unajibu "nipo," unasema la kusema, unampisha mwenzako. Usipojibu, anahesabu kumi kimoyomoyo, anakuita tena. Mara tatu. Baada ya hapo anasema, "Hajajibu. Tunaendelea." Orodha ikiisha anauliza kama kuna aliyechelewa, na aliyechelewa ni lazima ataje sababu, hewani, wote wasikie.

Hapo ndipo mume wangu aling'aa. Alikuwa anakaa pale pale mbele ya redio, anasikia anaitwa mara tatu, anajikausha kama hayupo, ili mwishoni aje kutaja sababu. Mara friji la bucha limempiga teke. Mara mkewe amekalia funguo. Funguo gani, na mimi nipo kwenye cherehani mita mbili kutoka kwake? Nilisikia vicheko vya watu kumi na wanane vikivuja kutoka kwenye hedifoni, nami nikajifanya nina kazi nyingi.

Alifariki siku ya Jumatano, mchana, kwenye ngazi za jengo moja la ofisi alikokwenda kutengeneza friji. Moyo. Walimkuta ameshika bisibisi. Nimeshasema, basi.

Tulizika Ijumaa. Kesho yake nyumba ilikuwa bado imejaa watu wa kuniambia nijikaze, nikawakimbia, nikajifungia chumba cha nyuma. Redio ilikuwa pale pale alipoiacha. Nikaiwasha. Nadhani nilitaka kuisuta, kuiambia haya, mume mwenyewe huyo ameondoka, tumebaki mimi na wewe. Kabla sijafungua mdomo nikasikia sauti ya Mzee Subiri. Jana yake tu alikuwa makaburini, nilimwona kwa macho yangu akishika koleo. Sasa alikuwa anasoma orodha yake kama Jumamosi zote, jina baada ya jina, sauti ya mtu ambaye hajalala. Mazoea yakamchukua. Akafika katikati ya karatasi, akasoma lililoandikwa.

"Lima Zulu Tango."

Nilisikia akishtuka. Hakuna aliyeingilia kumwambia umekosea. Na yeye, kwa jinsi ninavyomfahamu sasa, hakujua namna ya kutoka kwenye kosa lake isipokuwa kulifuata kwa utaratibu mpaka mwisho. Akahesabu kumi. Akaita tena. Akahesabu kumi. Akaita mara ya tatu, nami nilikuwa nimesimama, mikono yote miwili juu ya meza, nangoja kama mwendawazimu.

"Hajajibu," akasema, sauti imekauka. "Tunaendelea."

Wiki iliyofuata nilijua atamruka. Hakumruka. Wala wiki ile nyingine. Kosa likageuka kawaida, na hakuna mwanachama aliyekuwa na roho ya kulisahihisha. Kusikiliza hakuhitaji leseni, kwa hiyo nami kila Jumamosi saa nne nilisimamisha cherehani, sare za shule za watoto wa watu zikalala mapajani, nikangoja zamu yake.

Kilikuwa kimya cha nusu dakika hivi kwa wiki, nami nilikiona ni changu. Wala hakikuwa kitupu, kilikuwa na mvumo wake, mdogo, kama wa mtu anayepumua chumba cha pili. Siku nyingine zote nilimkumbuka mume wangu ovyo ovyo, kwenye kipande cha sabuni, kwenye kandambili zake nilizokataa kuzigawa, nikiwa foleni ya gesi. Nilimtamani hata kwa yale yaliyonikera. Lakini Jumamosi saa nne alikuwa mtu anayetarajiwa. Walimwita kama mtu ambaye huenda akajibu, na mimi kwa nusu dakika niliamini.

Kisha ikaja barua. Mwaka ulikuwa umeshapita na miezi kadhaa. Ofisi ya leseni iliandika kwa familia ya marehemu, kwa heshima zote, kwamba miaka miwili ikitimia tangu kifo, jina la hewani la marehemu litakuwa huru na atapewa yeyote mwenye leseni atakayeliomba. Isipokuwa kama ndani ya familia yupo mwenye leseni aliyeliomba kwanza.

Nilitoka nyumbani vile vile nilivyokuwa, pini zimechomekwa kwenye blauzi, futi ya kupimia shingoni.

Klabu yao ilikuwa chumba kimoja juu ya duka la vifaa vya ujenzi, unapanda kwa ngazi za chuma zinazolia kila hatua. Ndani kulikuwa na meza ndefu iliyoungua ungua, ramani ya dunia yenye vibendera vya kila mahali walipowahi kuongea, birika lisilo na mfuniko, na harufu ya risasi ya kulehemu iliyoyeyushwa. Ndiyo harufu ya mashati ya mume wangu. Nilisimama mlangoni kwanza mpaka nikaizoea.

"Shemeji," Mzee Subiri akainuka. "Subiri, kaa kwanza."

"Sikai. Hii ni nini?"

Akaisoma barua yote, akaikunja kwa mikunjo yake ile ile. "Ni kanuni, shemeji. Majina hayatoshi watu."

"Kwa hiyo atakuja mtu nisiyemjua, mtaita Lima Zulu Tango, na yeye ataitika, nipo?"

Mzee alitazama ramani. Alitazama birika. "Ndiyo," akasema. "Ndivyo itakavyokuwa." Halafu akavuta daftari. "Darasa jipya linaanza Jumamosi hii, saa nane mchana. Ni bure."

"Najua ni bure," nikasema. "Nimeambiwa kwa miaka kumi na moja."

Tulikuwa sita darasani, na mimi ndiye niliyekuwa na wajukuu. Nilikaa benchi moja na dereva wa gari la wagonjwa, baba wa watu, ana kitambi na kicheko cha karibu, aliyekuwa amechoka kubeba wagonjwa katika sehemu ambazo simu haishiki. Tulifundishwa umeme ambao sikuwahi kuujua zaidi ya kuulipia. Tulifundishwa mawimbi, na jinsi yanavyopanda juu, yakagonga tabaka la hewa, yakarudi chini nchi za watu. Hesabu zilinitoa jasho. Binti yangu, ambaye ni nesi, alinipigia simu kila akiwa mapumzikoni kunihoji. "Mama, masafa yakiongezeka wimbi linakuwaje?" Nami huku nakata kola, "Linafupika, niache nimalize kazi." Alicheka kicheko cha baba yake, nikakata simu mapema.

Kulehemu sikufundishwa mara mbili. Vidole vilivyoshona vifungo miaka thelathini haviwezi kushindwa na kijiwaya. Jumapili moja walitupeleka uwanja wa mpira kujenga antena. Kila mmoja alikatiwa mita zake za waya na kuambiwa akate vipande viwili vya urefu fulani, avifunge kwenye vishikizo vya plastiki, avitundike kati ya miti miwili. Dereva alipima kama daktari, akakata palepale kwenye alama. Mimi nikapima, nikaongeza upana wa viganja viwili kila upande.

"Dada, umezidisha," akaniambia.

"Hujaacha pindo," nikamwambia. "Nguo haikatwi bila pindo."

Alipomaliza kuuzungusha waya wake kwenye vishikizo ulikuwa umepungua, na waya mfupi haurefuki kwa maombi. Wangu ulikuwa mrefu, tukaupunguza kidogo kidogo mpaka kipimo kikakaa. Mzee Subiri alivunjika mbavu. Alisema wanafunzi wake wote hukosea pale, mwaka hadi mwaka, na mwanafunzi mmoja tu kabla yangu aliwahi kuacha nafasi ya kufunga mafundo. Hakusema ni nani. Alinitazama, akakohoa, nikaelewa ni mume wangu, na siku nzima iliyobaki nilikuwa sisikii vizuri ninachoambiwa.

Siku nyingine walificha mtambo mdogo ndani ya kopo la biskuti, mtaani, tuutafute kwa kufuata nguvu ya sauti yake. Tulizunguka na antena mkononi kama watu wanaokausha soksi, wapita njia wakatupisha. Mimi niliupata wa kwanza, nyuma ya kibanda cha fundi viatu. Nilipotea njia mara mbili, lakini niliupata. Nilikuwa nimezoea kutafuta kitu kisichoonekana kwa kusikiliza tu, ingawa hilo sikumwambia mtu.

Ni siku hiyo, tukirudi, ndipo dereva aliponiambia ameshachagua jina lake la hewani.

"Ofisini wana orodha ya yanayokaribia kuachiwa, nimeiona. Kuna moja tamu, dada. Lima Zulu Tango. Limekaa vizuri mdomoni, hata mgonjwa akilisikia anapata nafuu."

 Alikuwa mgeni mjini, hakujua, na wenzake walidhani anajua. Ningeweza kumwambia palepale, naye angeliacha, kwa kuwa ni mtu mwema. Lakini nina kiburi changu. Sikutaka kuhurumiwa jina la mume wangu. Nilitaka kulichukua kwa mtihani kama yeye alivyolichukua.

"Ni zuri," nikasema.

Basi mtihani ukafika, na mimi nikafeli.

Karatasi niliiweza. Nilifeli vitendo. Msimamizi anakaa chumba kimoja, wewe cha pili, kila mtu na redio yake. Anakuita, unajibu, anakupa ujumbe wa kuandika, unamsomea alichosema. Aliniita, nikajibu vizuri, sauti imetulia. Nikangoja ujumbe. Nikangoja. Nikaanza kukasirika, huyu naye amekwenda kunywa chai? Dakika tatu nzima nilingoja, kalamu mkononi, mpaka mlango ukafunguliwa, msimamizi akasimama akanionyesha kidole changu. Kilikuwa bado kimebana kitufe cha maiki, mpaka kucha imekuwa nyeupe. Ukibonyeza unasema, ukiachia unasikia. Huwezi vyote viwili. Mtu alikuwa ananisemesha muda wote ule, mimi mwenyewe nimemziba.

"Shemeji," Mzee Subiri aliniambia taratibu, "kidole chako hakitaki kuachia."

Nilikwenda kulia kwenye ngazi za chuma. Mtihani hufanywa mara mbili kwa mwaka. Uliofuata ungekuwa wiki tano kabla ya miaka miwili kutimia, na baada ya huo hakuna mwingine. Dereva, aliyekuwa amefaulu, alikuja kukaa ngazi moja chini yangu, kitambi chake kikaziba njia.

"Dada, mtihani tu. Utarudia."

"Ni jina la mume wangu," nikasema. "Lima Zulu Tango. Ni mume wangu."

 Akatoa karatasi kutoka mfuko wa shati, fomu yake ya maombi, jina limeandikwa kwa herufi kubwa nzuri. Akaichana vipande vinne. "Dada, ungeniambia. Nimekuwa naliimba mbele yako kama mwehu." Akaokota kipande kilichodondoka. "Mimi nimetoka. Ila ofisini orodha ile inasomwa na wengi, na hao hawakujui."

"Najua."

"Basi kidole hicho tukifunze adabu."

Alinichongea kipande cha mti chenye kitufe cha kengele ya mlango, nikawa nakifanyia mazoezi nyumbani. Haikusaidia. Nikishasema neno, kidole kinabaki kimekaza, kama nikiachia kuna kitu kitadondoka. Kilichonisaidia ni cherehani. Siku moja nashona kaptula nikaona mguu wangu: ukikanyaga mashine inakimbia, ukiinua inasimama, na mguu huo haujawahi kunisumbua hata siku moja. Nikaanza kushika kile kipande cha mti na kukanyaga sakafu. Kanyaga, sema. Inua, sikiliza. Kidole kikafuata mguu. Kwenye mtihani wa pili nilikanyaga chini ya meza ya serikali kama mtu anayeshona shuka, msimamizi akanipa ujumbe wenye maneno ishirini, nikamsomea yote ishirini.

Leseni ilikuja siku tisa kabla ya tarehe. Ilikuwa na jina langu, na chini yake jina la hewani, refu lote, mwishoni zile herufi tatu. Nilimpigia binti yangu, akapiga kelele mpaka nikasikia mgonjwa anauliza kuna nini. Mzee Subiri alipiga chapa karatasi mpya ya mwito, kwa kuwa na dereva naye alikuwa ameongezeka, na akaniambia hakugusa mstari wa katikati. "Upo pale pale ulipokuwa, shemeji. Jumamosi nakuita." Nilitembea nyumbani nikiwa mwepesi. Hakuna mgeni atakayeitika. Nimeshinda.

Jumamosi binti yangu alikuja mapema, akavuta kiti akakaa nyuma yangu. Nilivaa gauni la kutokea, kana kwamba wataniona. Saa nne kamili sauti ikaja, "Subiri, subiri, tunaanza," na majina yakaanza kuteremka. Walijibu mmoja mmoja. Dereva alisema yupo, gari limelala, mgonjwa hayupo, Mungu ashukuriwe. Nilikuwa natabasamu. Nilikuwa nimeshika maiki, mguu upo tayari.

"Lima Zulu Tango."

Mvumo ukaja. Ule ule. Na hapo ndipo nilipoelewa nilichokuwa nimekifanya. Nilikuwa nimepigana miezi yote ile ili mgeni asiitike mahali pa mume wangu, na sasa mgeni mwenyewe ni mimi. Nikisema nipo, kimya kile kimekwisha, leo na Jumamosi zote. Hatangojwa tena na mtu. Watu kumi na tisa waliokuwa wakimpa nusu dakika yake kila wiki watanipa mimi, nami nitawaambia habari za mvua.

"Mama," binti yangu akaninong'oneza. "Wanakuita."

"Hawaniiti mimi."

Kumi ikapita. "Lima Zulu Tango," Mzee Subiri akaita mara ya pili, akisikika kama anayegonga mlango ambao taa inaonekana ndani. Machozi yalikuwa yananidondokea kwenye meza na sikuyafuta. Nilisikiliza. Kwa nguvu zangu zote nilisikiliza, kama sijawahi kumsikiliza alipokuwa hai mita mbili kutoka kwangu. Nilimtaka. Sitaki kulipamba, nilimtaka tu, na miwani yake, na uongo wake wa funguo.

"Lima Zulu Tango." Mara ya tatu. Safari hii mzee hakuishia kumi. Nilihesabu mpaka ishirini na mbili, na hakuna aliyeingilia. Karatasi aliipiga chapa mwenyewe, leseni yangu aliiona kwa macho yake, alijua nipo. Akavuta pumzi tukaisikia sote.

"Hajajibu," akasema. "Tunaendelea."

Nikaweka maiki chini. Majina yaliyobaki yakapita, binti yangu amenishika bega. Ilikuwa mara ya mwisho. Nilijua, na nilishukuru kwamba nimeisikia mpaka mwisho wake, kwamba hakuna aliyemkatiza.

Orodha ikaisha. Mzee Subiri akakohoa.

"Kuna aliyechelewa?"

Nikachukua maiki. Nikakanyaga sakafu, kidole kikabonyeza.

"Lima Zulu Tango," nikasema. "Nipo. Nimechelewa."

Nikainua mguu. Hewa ilijaa mikwaruzo ya watu wanaotaka kusema kitu na kuacha. Kisha mzee akarudi, sauti yake inatetemeka, lakini kanuni ameishikilia kama alivyoishikilia ile Jumamosi ya kwanza.

"Tumekusikia, Lima Zulu Tango. Subiri." Nikasikia kalamu ikikwaruza karatasi. "Utaratibu unaujua, shemeji. Sababu ya kuchelewa?"

Nilifikiria friji la bucha. Nilifikiria funguo. Zamu hii walikuwa wamekaa tayari kucheka, nami ningeweza kuwachekesha, nilikuwa ninazo sababu zake zote kichwani. Nikabonyeza.

"Nilikuwa namsikiliza mwenzangu," nikasema, kisha nikaachia kitufe.